Uzi wa Kikapuni Haumfuniki Mtoto

Mama mpenzi, ukifika sokoni Arusha, nyuzi za sufu zakuita kwa rangi zake. Leo wanunua donge moja, kesho jingine, kikapu chajaa. Lakini Juni na Julai baridi ya Meru yashuka, na jirani yako amejifungua. Je, uzi wa kikapuni utamfunika mtoto?

Basi, nunua uzi wa kutosha sweta moja, nawe utazame karatasi yake: namba ya rangi iwe moja kwa madonge yote, ama sweta itatoka na mabaka. Fuma, maliza, peleka. Mwambie jirani asiifue kwa maji ya moto, kwani sufu hunywea.

Naye siku moja atakuletea kofia aliyoifuma mwenyewe. Ndio ujirani mwema.