Mikwaruzo Myembamba kwenye Rimu za Gari: Ipi Iondolewe na Ipi Iachwe

Mmiliki wa gari anayeishi Kihonda, Bigwa au Mji Mpya mjini Morogoro huenda amewahi kuambiwa, gari lake likiwa linaoshwa, kwamba rimu zake zimechakaa na kwamba kwa malipo kidogo zinaweza kurudishiwa mng'ao siku hiyohiyo. Mara nyingi ahadi hiyo hutimia. Hata hivyo, kabla ya kukubali, mtumiaji anapaswa kuuliza ni kitu gani kitakachoondolewa ili rimu zing'ae, kwa kuwa kinachoondolewa hakirudi.

Rimu nyingi za alumini zinazoingia nchini na magari yaliyotumika kutoka Japani hazina chuma kilicho wazi. Kiwandani, alumini hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupakwa tabaka la vanishi angavu. Zipo pia rimu ambazo uso wake umechongwa kwa mashine hadi alumini yenyewe ikametameta. Hizo hufunikwa kwa vanishi moja kwa moja, bila rangi katikati. Kwa hiyo unapoigusa rimu ya aina yoyote kati ya hizi, kidole chako hugusa vanishi. Unene wake kwa kawaida ni kati ya maikroni 30 na 60, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja wa kichwani. Ngao hiyo nyembamba ndiyo inayozuia maji na uchafu visiifikie alumini.

Mikwaruzo myembamba, ile inayofanana na utando wa buibui jua linapoipiga rimu, hutokana na kuosha kuliko kusafiri. Gari linaloshuka kutoka Mgeta kupitia Sangasanga, au linalorudi kutoka Matombo, huja na udongo uliotokana na miamba ya kale ya Milima ya Uluguru. Ndani ya udongo huo mna ulanga, madini yanayometameta ambayo yalichimbwa katika milima hii tangu enzi za utawala wa Wajerumani. Na mna punje za kwatzi. Ulanga huvutia macho lakini ni laini. Kwatzi haina mvuto wowote, ila ni ngumu kuliko chuma cha kisu, na ni ngumu mno kuliko vanishi. Kitambaa kikavu kinapopitishwa juu ya rimu yenye vumbi hilo, kila punje huchora mstari wake. Sifongo iliyoanguka chini ikaokotwa na kuendelea kutumika hufanya vivyo hivyo, na ndoo moja inayotumika kwa bodi na rimu pamoja haina nafuu. Rimu za mbele hupata nyongeza ya vumbi la breki, lenye chembe za chuma, ambalo huwa jingi zaidi kwa dereva anayeteremka mlima mrefu akikanyaga breki muda wote badala ya kupunguza gia.

Kabla ya kulipia huduma yoyote au kujaribu mwenyewe, ni lazima kwanza kujua kina cha mkwaruzo. Acha rimu zipoe, zimwagie maji mengi ili mchanga utoke bila kuguswa, kisha zioshe kwa sabuni ya gari na uziache zikauke. Pitisha ukucha ukiukata mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, mkwaruzo uko ndani ya vanishi na kwa kawaida unaweza kupunguzwa. Kipimo cha pili ni maji: lowesha mahali hapo utazame. Mkwaruzo unaotoweka ukiwa umelowa na kurudi unapokauka ni wa juujuu. Ule unaonasa ukucha, au unaobaki mweupe hata ukiwa na maji, huenda umefika kwenye rangi au alumini, na huo hauondolewi kwa kung'arisha. Kuusugua hadi ulingane na pembe zake ni sawa na kuondoa vanishi yote inayouzunguka.

Kwa mkwaruzo wa juujuu, kazi yenyewe si kubwa, nayo hufanyika kivulini. Panahitajika dawa ya kung'arishia ya daraja laini kabisa, ambayo maelezo ya kopo lake yanasema wazi kwamba inafaa kwa rangi iliyofunikwa kwa vanishi, pamoja na vitambaa viwili safi vya maikrofaiba. Dawa zinazouzwa kwa ajili ya kung'arisha alumini tupu hazifai, hata kama muuzaji anasisitiza kwamba rimu ni ya alumini. Ni kweli ni ya alumini, lakini sivyo ilivyo juu yake. Weka dawa kiasi cha punje ya mahindi kwenye kitambaa, sugua kwa mkono eneo lisilozidi kiganja, bila kukandamiza, kwa dakika moja au mbili, kisha futa na utazame. Anzia mahali pasipoonekana, kama vile pembeni mwa mmoja wa mikono ya rimu. Ikiwa rimu ilisafishwa vizuri na kitambaa kikaanza kubeba rangi yake, au kikawa cheusi kama masizi, acha hapohapo: vanishi imekwisha, na unachosugua sasa ni rangi au alumini.

Mkwaruzo usipotoweka baada ya kurudia mara mbili au tatu, ni busara kuuacha ukiwa umefifia. Rimu yenye mikwaruzo hafifu na vanishi kamili ina maisha marefu kuliko rimu inayong'aa kama kioo ambayo vanishi yake imesagwa. Ifahamike pia kwamba baadhi ya dawa haziondoi kitu. Hujaza tu mkwaruzo kwa mafuta au nta, na mkwaruzo huonekana tena baada ya kuoshwa mara chache. Hilo si kosa ikiwa muuzaji amelieleza. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, ina chembe za kusugulia zilizokusudiwa kwa meno na hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, kwa hiyo hakuna awezaye kukueleza mapema itafanya nini. Msasa wa maji wa namba 2000 au 3000 hutumiwa na mafundi rangi wenye ustadi. Asiye na uzoefu anashauriwa asiuguse.

Huduma zinazoleta hasara kubwa zaidi ni za haraka. Sufi ya chuma ya kusugulia masufuria huacha mikwaruzo mingi kuliko iliyoikuta. Asidi, ambayo baadhi ya waosha magari huipaka kwa brashi ili kung'oa vumbi la breki, huweza kuunguza vanishi na kuifanya iwe na ukungu. Humdhuru pia anayeitumia mikono mitupu. Tena maji yake hayapotei. Yanayomwagwa kandokando ya Mto Morogoro huingia Ngerengere na hatimaye Ruvu, mto unaotegemewa kwa maji na wakazi wa Dar es Salaam.

Vanishi ikishatobolewa, matokeo hayaonekani siku ya malipo. Unyevu huingia pale palipo wazi na kutambaa kati ya alumini na vanishi iliyobaki. Baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua, hutokea mistari myeupe inayosambaa kama mizizi, na vanishi huanza kubanduka vipande vipande. Kwa magari yanayopanda mara kwa mara upande wa mashariki wa Uluguru, ambao hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, jambo hili halichelewi. Tiba pekee hapo ni kuondoa rangi na vanishi yote na kupaka upya, kazi inayogharimu zaidi kuliko mng'ao ule wa siku moja.

Lipo jambo moja lisilohusu urembo hata kidogo. Mstari unaoanzia ukingoni mwa rimu kuelekea ndani, hasa baada ya gari kuingia shimoni au kugonga jiwe, unaweza kuwa ufa. Paka maji ya sabuni pande zote za rimu, tairi likiwa na upepo, utazame kama mapovu yanatoka. Mapovu yakitoka kwenye mstari huo, rimu hiyo isitumike. Yasipotoka, bado ikaguliwe na fundi kabla ya safari, kwa kuwa si kila ufa huvujisha upepo. Usikubali kamwe mstari wa namna hiyo usagwe na kupakwa rangi, maana hapo hatari itakuwa imefichwa tu. Kwa sababu hiyohiyo, mnunuzi wa gari lililotumika anayekuta rimu moja imepakwa rangi upya na tatu hazikupakwa anayo haki ya kuuliza ilipatwa na nini, na kuomba igeuzwe aione upande wa ndani.

Unapompa fundi kazi hii, mwombe aeleze atatumia dawa gani, kama atatumia msasa au mashine, na kama baada ya kazi vanishi itabaki au itapakwa upya. Mwambie aanze na rimu moja, uione ikiwa kavu na juani kabla hajagusa nyingine. Fundi mzuri hataona maswali haya kuwa ni usumbufu. Piga picha kabla na baada ya kazi, na udai risiti. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Hivyo mtu aliyeahidiwa kupakiwa vanishi mpya na akapakiwa nta tu anaweza kuwasilisha malalamiko yake Tume ya Ushindani (FCC), akiambatanisha risiti, picha hizo na maelezo mafupi ya makubaliano yaliyofanyika.