Uvuvi wa baharini mkoani Lindi

Uvuvi wa baharini mkoani Lindi ni kazi ya wakazi wengi wa pwani ya kusini mwa Tanzania, hasa wilayani Kilwa na kandokando ya mji wa Lindi. Kata za bara kama Mbekenyera, wilayani Ruangwa, ziko mbali na bahari. Samaki wa huko huwafikia wakiwa wamekaushwa au kukaangwa, na wakiadimika pwani, bara nako hupungua.

Kisheria bahari ya Tanzania ni pana: ukanda wake wa kiuchumi hufika maili 200 za baharini. Lakini mwenye mtumbwi au ngalawa hafiki mbali, na majira ya kusi humbana karibu na miamba ya matumbawe. Bahari kuu huvuliwa zaidi na meli za kigeni kwa leseni. Mwaka 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa ikiwa na shehena ya jodari, ikituhumiwa kuvua bila leseni. Tangu hapo ni rahisi kuzilaumu meli kwa kila upungufu. Hata hivyo, jodari wa bahari kuu si changu wala tafi wa miambani.

Upungufu wa samaki wa miambani una sababu za karibu zaidi: wavuvi wengi katika eneo dogo, kokoro linalokokota hata samaki wachanga, na baruti. Mlipuko huua samaki wa kila umri, wengi wao huzama bila kuokotwa, na matumbawe yaliyovunjika huchukua miaka mingi kuota tena. Uvuvi huo ulianza kujulikana nchini miaka ya 1960, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza.

Katika baadhi ya vijiji vya Kilwa, miamba ya pweza hufungwa kwa miezi kadhaa, kisha hufunguliwa. Pweza hukua upesi, hivyo matokeo huonekana mapema. Ugumu uko kwa wanaosubiri. Mwanamke anayetafuta pweza kwa miguu wakati wa bamvua hana mwamba mwingine wa kwenda, ilhali mwenye chombo huhamia kwingine. Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kutoka mbali, nao huweza kufika siku ya kufungua bila kushiriki kungoja. Ndiyo maana ulinzi na mpangilio wa siku hiyo huhitaji kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) chenye nguvu.