Fundi wa Kupuliza Kioo
Kupuliza kioo ni ufundi wa kuunda vyombo na sanamu kwa pumzi ya binadamu. Ulianza yapata mwaka 50 kabla ya Kristo, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, na vifaa vyake vya msingi havijabadilika sana: bomba refu la chuma, koleo, mkasi na moto.

Kioo chenyewe hutokana na mchanga safi, magadi na chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 hivi za Selsiasi. Magadi, kama yale yanayovunwa Ziwa Magadi nchini Kenya, hushusha kiwango hicho, nayo chokaa hukikinga kioo kisiliwe na maji.

Fundi huchovya ncha ya bomba katika tanuri lenye nyuzijoto 1,100 hivi na kuchota donge linalong'aa, zito kama asali. Tangu hapo haachi kulizungusha bomba, kwani likisimama, donge hulegea upande mmoja. Hulibingirisha juu ya bamba la chuma ili ngozi yake ipoe, kisha hupuliza pumzi fupi hadi kiputo kitokeze katikati. Akiketi kwenye benchi, huliweka sawa umbo kwa gazeti lililokunjwa na kuloweshwa, alilolishika kiganjani. Mvuke unaotoka kati ya karatasi na kioo huukinga mkono usiungue. Muda si mrefu kioo hukakamaa, naye hukirudisha motoni.

Ili kuunda mdomo wa chombo, msaidizi hugandisha ufito wa chuma kwenye kitako, kisha chombo hukatwa shingoni na kuachana na bomba. Kazi ikikamilika huwekwa katika tanuri la kupoozea, lenye nyuzijoto karibu 500, na joto hupunguzwa taratibu kwa saa nyingi. Ikiachwa nje, uso wake husinyaa kabla ya sehemu ya ndani, na chombo hupasuka.

Kwa karne nyingi kitovu cha ufundi huu barani Ulaya kilikuwa Murano, kisiwa cha Venice ambako matanuri yalihamishiwa mwaka 1291 kwa kuhofia moto mjini. Mafundi walikatazwa kuhama ili siri zao zisitoke. Huko ndiko alikozaliwa fundi Lino Tagliapietra mwaka 1934. Aliingia karakanani akiwa bado mtoto, chini ya fundi Archimede Seguso, akawa fundi mkuu katika umri wa miaka ishirini na kitu. Kwa miaka mingi alifanya kazi viwandani.

Nchini Marekani, kwa upande mwingine, ufundi huu ulikuwa bado mchanga ila uhuru ulikuwa mwingi. Mwaka 1962 msanii Harvey Littleton aliendesha warsha mbili katika jumba la makumbusho ya sanaa la Toledo, Ohio. Kwa msaada wa Dominick Labino, mtaalamu wa kioo, alionyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo katika tanuri dogo bila kutegemea kiwanda. Mwaka 1971 msanii wa kioo Dale Chihuly, pamoja na wafadhili Anne na John Hauberg, alianzisha shule ya kioo ya Pilchuck kaskazini mwa Seattle.

Tagliapietra alikwenda kufundisha Pilchuck mwaka 1979, ingawa wengi huko Murano hawakupenda siri zao zitolewe. Aliwaonyesha vijana jinsi ya kupanga vijiti vya kioo vya rangi, kuviunganisha kwa moto, kuvizoa kwa bomba na kuvisokota hadi viwe mistari myembamba ndani ya chombo. Naye alichota kwao ujasiri wa kubuni, akawa msanii wa kujitegemea. Miongoni mwa kazi zake ni mfululizo wa Dinosaur, wenye shingo ndefu zilizopinda.

Hata hivyo, kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja: yuko anayepuliza, anayefungua tanuri na anayeleta kioo cha ziada. Chihuly alipoumia bega mwaka 1979 aliacha kushika bomba, lakini aliendelea kubuni na kuongoza kikosi chake. Anayeanza huingia kwa kusaidia, na kwa miaka mingi mikono yake hujifunza kukisoma kioo kwa rangi na uzito wake kabla ya kukabidhiwa benchi.