Fahamu: Kwa nini ni vigumu kuwakinga watoto na kifua kikuu?

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kwa wahudumu wa afya, hasa wa vijijini kama Mwera, wilayani Pangani, kumkinga mtoto ni kazi yenye vikwazo vingi.

Chanjo haitoshi?
BCG, inayotolewa mtoto anapozaliwa, humkinga hasa dhidi ya kifua kikuu kikali, kama cha utando wa ubongo. Haizuii kila maambukizi.

Ugumu uko wapi?
Mtoto mdogo hawezi kukohoa na kutoa makohozi ya kupimwa. Tangu 2020, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinyesi pia kipimwe kwa mashine ya GeneXpert, lakini sampuli lazima ifike penye mashine hiyo.

Na dawa za kinga?
Isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, humezwa kila siku kwa miezi sita. Mzazi huuliza: "Mwanangu haumwi, dawa za nini?" Wengine huogopa unyanyapaa, wakamkwepa mhudumu anayefuatilia kaya.

Ufanye nini?
Mtu mzima nyumbani akigundulika anaugua kifua kikuu, wapeleke watoto wote wakachunguzwe, hasa walio chini ya miaka mitano.