Sinte mupya ya ordinatere: namna ya kuipima mbele ya kutoa franga

Katika studio ndogo-ndogo za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Uvira ao Kindu, vyombo vingi vya muziki haviko tena kwenye meza. Viko ndani ya ordinatere. Bass, vinanda, sauti za nyuma zenye kujaza wimbo: vyote vinatoka katika programu yenye wanamuziki wetu wanaita sinte. Sinte haina nyuzi wala ngozi. Inapiga hesabu, kisha inageuza hesabu ile kuwa sauti wakati unabonyeza kinanda.

Kila mwaka zinatoka mupya. Katika video za matangazo, zote zinalia vizuri sana. Lakini kijana mwenye kuwa na laptop ya zamani, umeme wa kukatika-katika na dola 30 zenye alilipwa juu ya wimbo mumoja, hawezi kuamini video tu. Akichagua vibaya, franga imeenda, mega zimeenda, na pengine kazi ya muteja inabaki ndani ya programu yenye haifunguke tena.

Basi tunaipima namna gani? Tuchukue mufano mumoja wa kweli: Vital, sinte yenye ilitengenezwa na Matt Tytel na kutolewa Novemba 2020. Iko na toleo la bure, na matoleo ya kulipia ya dola 25 na dola 80. Kama kwako ni mupya, hivi njo vya kufanya. Na njia hii inafaa kwa sinte yoyote yenye itatoka kesho.

Kwanza, ndani yake kuna nini?

Uzi wa gitare ukitikisika mara 440 kwa segonde, tunasikia noti la. Ndani ya sinte hakuna uzi. Kuna osileta, ni kusema fasi yenye wimbi la sauti linazaliwa. Wimbi likitoka pale linapita katika filta, yenye inakata sehemu kali ao sehemu nzito. Kisha kuna sehemu yenye kuamua sauti inaanza na kuisha namna gani. Likembe inaanza kwa nguvu na kufa haraka. Violon inaweza kuanza polepole. Na kuna LFO, yenye iko kama mukono wenye kutikisa kifungo polepole bila kuchoka.

Vital inatumia jedwali la mawimbi. Badala ya wimbi moja, osileta inapewa mawimbi mengi yenye kupangwa moja nyuma ya lingine, na sinte inatembea kati yao. Njo maana sauti inabadilisha rangi wakati ingali inalia. Wazo hili haliko la leo: Mujerumani Wolfgang Palm alilitumia katika mashine zake za PPG tangu mwisho wa miaka ya 1970. Kitu kizuri katika Vital ni kwamba unaona wimbi likitembea kwenye ekra. Mutu mwenye kujifunza peke yake anaona kwa macho kitu chenye anasikia.

Jaribio la 1: Inatoka wapi?

Pakua sinte kwenye ukurasa wa mutengenezaji mwenyewe. Programu za «krake» zenye kuzunguka kwenye WhatsApp na kwenye flash ziko na hatari ya kweli. Mutu mwenye alivunja kufuli yake aliweza pia kuingiza kitu kingine ndani. Mara nyingi wanakuambia uzime antivirusi kwanza. Hapo unafungua mulango wewe mwenyewe. Virusi moja inaweza kufunga nyimbo zako zote, ao kuiba namba za siri zako.

Na hakuna haja ya kuiba, juu ziko zingine za bure kwa haki. Toleo la bure la Vital ni moja. Surge XT ni ya pili: zamani ilikuwa ya kuuzwa, lakini mwaka 2018 mutengenezaji wake, Claes Johanson, aliachilia kodi yake kwa watu wote. Dexed ni ya tatu: inaiga Yamaha DX7, kinanda cha mwaka 1983 chenye kilisikika sana katika muziki wa miaka ile.

Ukiona matoleo ya bei mbalimbali, uliza: franga inalipa kitu gani? Katika Vital, injini iko ileile katika toleo la bure na la kulipia. Tofauti kubwa ni hesabu ya sauti za tayari na ya majedwali ya mawimbi. Basi mutu mwenye anataka kujitengenezea sauti zake anaweza kubaki na la bure miaka mingi.

Jaribio la 2: Mashine yako inaiweza?

Tufanye hesabu. Vital iko na osileta 3. Kila moja inaweza kuongezwa mupaka mawimbi 16 yenye kulia pamoja, ili sauti iwe pana. Ukipiga noti 4 pamoja, ni 3 mara 16 mara 4: mawimbi 192 kwa wakati mumoja, mbele ya kuweka filta na mwangwi. Kwa mashine ya nguvu haiko shida. Kwa laptop ya okazyo, ni muzigo.

Usijaribu sinte katika mupango mutupu. Fungua wimbo wako wenye uzito zaidi, weka sinte ndani, piga noti nne zenye kudumu, na uangalie kipimo cha prosesa. Ukisikia sauti inapasuka-pasuka, mashine imechoka.

Kisha chomoa kamba ya umeme, ufanye tena jaribio lilelile kwa batri. Laptop nyingi zinapunguza mwendo wa prosesa ili kuchunga batri. Wimbo wenye ulilia bila shida wakati SNEL ilikuwapo unaweza kupasuka-pasuka wakati umeme umeenda, muteja ameketi hapo na saa ya studio inahesabiwa. Sinte yenye kufanya kazi kwenye umeme tu, kwetu inafanya nusu ya kazi.

Angalia pia bafa, fasi yenye ordinatere inakusanya sauti mbele ya kuitoa. Kwa sampuli 44.100 kwa segonde, bafa ya 256 inachelewesha sauti karibu milisegonde 6, ya 512 karibu 12, na ya 1024 karibu 23. Ukiwa unapiga kinanda kwa mukono, tumia bafa ndogo, kama siyo vile utasikia vidole vinatangulia sauti. Ukiwa unachanganya tu, pandisha: mashine itapumua. Na sehemu yenye imemalizika, igeuze kuwa faili ya WAV, kisha zima sinte ile.

Jaribio la 3: Masikio yasidanganywe

Kuna mitego mitatu. Wa kwanza ni nguvu ya sauti: kitu chenye kulia juu zaidi, masikio yanakiona kuwa kizuri zaidi. Ukilinganisha sinte mbili, kwanza sawanisha nguvu zao. Wa pili ni mwangwi: sauti nyingi za tayari zimevalishwa mwangwi mingi ili zipendeze segonde tano za kwanza. Zima mwangwi wote, piga noti moja ya chini, moja ya katikati, moja ya juu. Hapo njo utasikia sinte yenyewe.

Mutego wa tatu ni kusikiliza sinte peke yake. Sauti pana yenye kujaza chumba inaweza kufunika kila kitu ndani ya wimbo. Katika rumba na sebene, magitare yanakaa katikati, fasi ileile yenye sauti ya mwimbaji inakaa. Weka sinte pamoja nayo, usikilize maneno. Kama huyasikie tena, punguza sehemu ya katikati kwa filta ya sinte. Kama hata hivyo hainyamaze, sinte ile haiko ya wimbo huu.

Jaribio la 4: Redio ya spika moja

Jaribio hili watengenezaji wa video wanalisahau, lakini kwetu ni la lazima. Watu wengi katika vijiji wanasikiliza kwa redio ndogo yenye spika moja. Ndani yake upande wa kushoto na wa kuume unaunganishwa. Kama sinte ilipanua sauti kwa kufanya pande mbili zisukumane, zikiunganishwa zinaweza kufutana. Sauti yenye ilijaza bafle za studio inageuka nyembamba, ao inapotea.

Katika programu yako tafuta kifungo cha mono, ukibonyeze. Kama sauti inabaki, ni vizuri. Kama inapungua sana, punguza upana ao hesabu ya mawimbi katika osileta.

Kisha sikiliza bass. Noti ya chini kabisa ya gitare-bass ya nyuzi nne ni karibu herzi 41. Spika ya redio ndogo ao ya telefone karibu haitoe kitu chini ya herzi 100. Musikilizaji anatambua bass kwa sauti ndogo-ndogo za juu zenye kufuatana na noti ile. Basi bass laini sana, yenye wimbi la mviringo tu, hataisikia hata kidogo. Katika Vital unaweza kuchagua wimbi lenye meno kidogo, ao kuongeza ukali wa distorsion. Sikiliza tena kwa telefone: kama bass inasikika pale, itasikika pia kwa mama mwenye kuuza kwenye soko na redio yake pembeni.

Jaribio la 5: Inakubali muziki wetu?

Sauti nyingi za tayari katika sinte za leo zilifikiriwa kwa muziki wa dansi wa Ulaya na Marekani. Haiko vibaya, lakini jua hivyo. Piano inagawanya oktava kuwa hatua 12 zenye kulingana. Likembe ya muzee fulani, ao lulanga ya Bashi, haifuate lazima hatua zile. Ukipiga sinte juu ya likembe, utasikia zinagombana, na kijana wa studio atasema haraka kwamba likembe ndiyo haiko sawa.

Hapo tazama kama sinte inakubali faili za kubadilisha mupango wa noti, zile zenye kuishia na .scl. Vital na Surge XT zinakubali. Rekodi likembe noti kwa noti, pima kila moja, kisha panga sinte vilevile. Hii ni kazi ya saa mbili-tatu, lakini matokeo yanasikika. Kama vinapiga pamoja, ni sinte njo inapashwa kumufuata mupigaji, hapana mupigaji kuifuata.

Jaribio la 6: Kesho itafunguka?

Chunga wimbo, funga ordinatere, kata intaneti, kisha fungua tena. Jaribu pia kwenye mashine ya rafiki. Programu zingine za majaribio zinakubali uchunge kazi lakini hazikubali uifungue tena mbele ya kulipa. Toleo la majaribio la FL Studio linafanya hivyo. Sinte zingine ni za kukodi: mwezi wenye haukulipa, zinanyamaza. Na hata katika Vital, sehemu yenye kugeuza maneno kuwa sauti inaomba intaneti.

Basi kila wimbo wenye kumalizika, toa kila chombo peke yake kama faili ya WAV, weka kwenye flash, pamoja na karatasi ndogo: jina la wimbo, mwendo wake, jina la sinte na toleo lake. Wengi wetu katika majimbo ya mashariki tunajua maana ya kutoka nyumbani bila nafasi ya kubeba kitu. Ordinatere inaweza kubaki. Flash inaingia katika mufuko, na WAV inafunguka karibu katika kila programu ya muziki.

Na Vital yenyewe?

Ni nzuri kwa bass za kisasa, kwa sauti pana za nyuma, na kwa mutu mwenye anataka kuelewa sauti inatengenezwa namna gani. Haiko ya kuiga gitare, trompeti ao ngoma za kweli; kwa hiyo, rekodi mupigaji. Muzigo wake kwa mashine nzee ni mukubwa. Kama yako inashindwa, Dexed ni nyepesi zaidi.

Ipe juma moja, sinte moja tu, na wimbo mumoja wenye uko nao kweli mukononi. Andika majibu ya majaribio sita kwenye karatasi. Siku ya saba, kama wimbo umemalizika na sinte ingali ndani yake, ichunge. Kama siku saba zimepita katika kufungua sauti za tayari moja nyuma ya ingine, itoe kwenye mashine, na uchunge dola zako juu ya batri mupya ao disiki ya kuchungia kazi.