Inyumba, gavana wa vijijini aliyezaliwa ukimbizini

MFANYABIASHARA anayevuka Gatuna au Rusumo na mizigo yake leo anaikuta Rwanda yenye mikoa minne na Jiji la Kigali. Kabla ya Januari 2006 mikoa ilikuwa 12, na mmoja wao ulilizunguka jiji hili: Kigali-Ngali, yaani Kigali ya vijijini. Ukiteremka kutoka Kicukiro na kuvuka Mto Nyabarongo kwenda Nyamata, ulikuwa tayari umo ndani yake, na ungeendelea nao mpaka Burundi.

Wengi waliorudi nyumbani baada ya 1994 watamkumbuka gavana wake wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, Aloisea Inyumba. Naandika habari zake kwa sababu swali lililomkabili linatukabili wengi wetu tuliorejea: mtu aliyezaliwa na kukulia nje anamsemeaje mkulima ambaye hakuondoka kilimani kwake?

Inyumba alizaliwa mwaka 1964 nchini Uganda, katika familia ya wakimbizi. Alisoma ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akashika fedha za RPF wakati chama hicho kikitegemea michango ya Wanyarwanda waliotawanyika nchi jirani na ng'ambo. Kazi ya kuchangisha si ya kudharau. Anayemwomba mwenye duka fedha asizodaiwa hana budi kusikiliza kwanza.

Serikali mpya ilipoundwa Julai 1994 alikabidhiwa wizara ya familia na wanawake, akiwa hajatimiza miaka 30. Nchi ilijaa yatima. Wizara yake ilihimiza familia ziwachukue watoto hao majumbani, bila kuulizana kabila, badala ya kuwaacha wakulie vituoni.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, lililogusa vijiji zaidi ni ardhi. Kwa mila, shamba lilikuwa mali ya ukoo wa mume. Mjane aliyebaki na watoto angeweza kufukuzwa na shemeji zake, na binti hakurithi kitu. Mabaraza ya wanawake yaliyoundwa miaka ile, kuanzia ngazi za chini kabisa, yakawa mahali pa kuyasema hayo hadharani. Novemba 1999 ikapatikana sheria ya mirathi iliyompa binti haki sawa na kaka yake.

Mwaka huohuo Inyumba alikwenda kuongoza Tume ya Umoja na Maridhiano, kisha ukaja ugavana. Angalia Bugesera peke yake. Baada ya 1959 serikali ya wakati ule ilizihamishia huko familia za Watutsi kutoka kaskazini, porini kwenye mbung'o. Mwaka 1994 watu waliuawa kwa maelfu katika makanisa ya Nyamata na Ntarama. Wakaja waliorudi kutoka Burundi na kwingineko, nao wakitafuta pa kulima. Halafu, mwaka 2003, wafungwa waliokiri makosa wakaanza kuachiwa. Walipitia ingando na kurudi kwenye milima ileile, jirani na waliowanusuru miili yao tu.

Kwetu tuliorudi lilikuwapo jingine. Mkataba wa Arusha wa 1993 uliwashauri walioondoka zaidi ya miaka 10 wasidai mashamba yao kama yamekaliwa na wengine. Wapo wanaoona tulidhulumiwa. Mimi naona bila kifungu kile kila kilima kingekuwa na kesi, lakini sikatai kwamba wapo walioulipa umoja huo kwa shamba la babu yao.

Tuseme ukweli: gavana huteuliwa, hapigiwi kura na mkulima. Hata Seneti, ambako Inyumba aliingia mwaka 2004, wananchi hawaichagui moja kwa moja. Wanaosema uwakilishi wa namna hiyo hutazama juu zaidi kuliko chini wana hoja. Kipimo kinachobaki ni kile alichopata mtu wa chini.

Alirudi katika wizara ya jinsia na familia mwaka 2011, akafariki Desemba 6, 2012, kabla ya kutimiza miaka 50. Wakati huo ardhi yote ya nchi ilikuwa ikipimwa na kuandikishwa, zaidi ya vipande milioni 10, na mke akiandikwa kwenye hati pamoja na mumewe.

Mke wa ndoa ya serikali, lakini. Aliyeolewa kimila tu, au aliyekaa na mwanamume miaka 20 bila kwenda kutia saini ofisini, sheria ile ya 1999 haikumtambua kama mke. Akina mama wauzao nguo na vitenge wanaliongea hilo kila siku, na wale mabwana wenye nyumba mbili, moja Kigali na nyingine ng'ambo ya mpaka, wanajua ninamsema nani.