Mchumaji Akianguka Mkarafuuni



Mkarafuu mkubwa waweza kufika mita 15, matawi yake hukatika upesi, na karafuu nzuri hukaa nchani khasa. Basi watu huanguka. Na pengine kinachomwumiza zaidi aliyeanguka ni mikono yetu sisi tunaomkimbilia.

Desturi twaijua. Huyu humshika kwapa, yule miguu, huketishwa, hunyweshwa maji, kisha mtu akaanza kumchua kwa mafuta. Twaomba desturi hii iachwe. Ikiwa shingo au uti wa mgongo umevunjika, kumwinua hivyo kwaweza kukata mishipa ya fahamu iliyomo ndani, na mtu ambaye angalitembea asitembee tena. Mwacheni alipo. Mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, mwingine amwulize kama ahisi miguu yake na aweza kuchezesha vidole. Damu ikitoka, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe kitu kinywani, maana huenda akapasuliwa. Akitapika, watu watatu au wanne wamgeuze ubavu kwa pamoja, kichwa na mwili kama gogo moja.

Kumchukua, mlango uliong'olewa ni bora kuliko kitanda cha kamba, ambacho hubonyea. Mfungeni kwa khanga asiteleze, mkampeleke Abdulla Mzee kule Mkoani, au Chake Chake, au Wete, palipo karibu. Mganga wa viungo hatumdharau, lakini naye angoje mpaka mfupa upigwe picha. Aliyegonga kichwa, hata akisema hajambo, asilale peke yake usiku ule. Akisinzia mno, akitapika au maneno yakimpotea, arudishwe hospitali mara moja.

Sheha aarifiwe siku ile ile, polisi waombwe fomu ya PF3, na majina ya mashahidi wawili yaandikwe. Shirika la ZSTC limewahi kuwalipa fidia walioanguka mikarafuuni, lakini bila ya karatasi za daktari mtu huwa na maneno matupu. Zitieni katika mfuko wa nailoni, zisilowe.

Liko na la mwenye shamba. Kumwambia majeruhi "ulipanda mwenyewe" twaona ni aibu. Nauli ya hospitali aitoe yeye, na pishi zilizochumwa asubuhi ile zipimwe mbele ya jamaa wa mgonjwa na zilipwe jioni hiyo hiyo, kabla jamvi halijakunjwa.